Mama Anayekula Mwisho

Akina mama wenzangu ambao siku zenu zimeanza kuruka na kurudi zitakavyo, nina neno nanyi, na waume zenu nao wasikie. Ni mara ngapi tumeamka kichwa kinagonga, tukakikaza kwa kanga, tukameza vidonge viwili, tukaendelea na kazi? Tukiulizwa twajibu, "Ni umri tu."

Umri una sehemu yake, sikatai. Kati ya miaka 45 na 55 hivi, kabla hedhi haijakoma kabisa, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, na mwenye asili ya kipandauso huzidiwa. Wengi hupata nafuu hedhi ikishakoma. Lakini homoni hatuiamrishi. Sufuria tunayo mikononi.

Tuitazame siku yetu. Alfajiri ni kikombe cha chai ya rangi, basi. Baba amekula, watoto wamekula maandazi yakaisha, mama anafagia. Saa nne chai nyingine. Saa tisa ndipo anakaa na ukoko na mchuzi uliobaki, na maji hajayagusa tangu asubuhi. Kichwa hicho kitaachaje kuuma? Njaa na kiu ni vichokozi vikubwa vya kipandauso, na sisi tumevifanya heshima ya mama mwema. Heshima gani hiyo? Pika, jipakulie, keti, ule pamoja nao.

Chai nayo tuiangalie. Aliyezoea kafeini kila siku akiikosa, kichwa huanza kumuuma ndani ya saa 12 hadi 24. Ndiyo sababu moja ya mateso ya siku za kwanza za Ramadhani. Anza kupunguza tangu Shaabani, kikombe kwa kikombe. Ya usiku iache kabisa, maana usingizi wetu umekwisha kuvurugwa na jasho. Tena miaka hii hedhi huweza kuja nzito hata mtu akapungukiwa damu, na upungufu huo nao huumiza kichwa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mchicha. Ingoje saa moja. Ili madini hayo yakufae, mezani weka chungwa au ndimu, na dagaa ukiwapata.

Vidonge vya maumivu navyo, ukivimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, vyaweza kuwa ndivyo vinavyokuuguza. Umefika huko? Mwone daktari, usijiongezee dozi.

Ila kichwa kinachopasuka ghafla kuliko maumivu yote uliyowahi kuyajua, au kinachokuja na mkono kulegea, uso kupinda, ulimi kuwa mzito, hicho hakingoji uji wala kanga. Ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Na wewe baba, usimwambie alale kwanza mpaka kukuche.