Eti Unasomea Maua?

Kila msimu wa udahili kuna kijana anayerudi nyumbani na habari kwamba amechaguliwa kusomea usanifu wa mandhari, na nyumba nzima inakaa kama ina msiba. Mama anauliza kama bado kuna nafasi ya kuhamia kozi nyingine. Mjomba, ambaye ndiye atakayechangia ada, anacheka kwa uchungu: "Yaani uende chuo kikuu kujifunza kupanda ukoka? Si shambaboi wa jirani angekufundisha Jumamosi moja tu?"

Mjomba ana wenzake wengi, na baadhi yao wana mihuri ofisini. Wanaamini kwamba mti ni mti: chimba shimo, tia mche, mwagia maji, piga picha na mgeni rasmi. Mimi nasema imani hiyo imetutia hasara kubwa kuliko ada ya kijana yeyote.

Nendeni Baringo, Kenya, mkaulize habari za mathenge. Mti huu asili yake ni Amerika, na ulipandwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa: kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ulistawi, tena mno. Maganda yake yana sukari, mbuzi wanayapenda, na sukari hiyo inawaozesha meno. Mbegu zinapita tumboni salama, zinatoka na samadi, zinaota kila mahali mbuzi alipopita. Malisho yakageuka vichaka vya miiba. Mwaka 2006 wanakijiji walifikisha mahakamani Nairobi mbuzi kibogoyo awe kielelezo cha kesi yao. Tulicheka wakati ule. Aliyepoteza malisho hakucheka.

Najua jibu linalokuja: hao waliouleta si walikuwa wasomi? Naam, walikuwa wasomi, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kujua kuotesha mti ni elimu moja. Kujua mti huo utaishi vipi na nyasi, mifugo, maji na udongo wa mahali fulani ni elimu nyingine, na ndiyo inayoitwa sayansi ya uoto. Mwanafunzi wake anapiga magoti porini na fremu yake ya mraba, anahesabu kila kijimmea kilichomo ndani, anaandika jina lake, kisha anajiuliza kwa nini hiki kipo hapa na kile hakipo. Kazi hiyo haina picha ya mgeni rasmi. Lakini mtu aliyeizoea hakosi kuuliza mbegu zitasambazwa na nani.

Mfano wa upande wa pili uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba matumbawe hadi pakabaki mwamba mtupu, jua kali juu, maji ya chumvichumvi chini. Mwaka 1971 Rene Haller, Mswisi aliyesomea kilimo cha nchi za joto, alianza kujaribu miti pale. Kati ya aina 26 ni tatu tu zilizopona, mojawapo mvinje, mti ambao pwani tunaujua sote. Mvinje ukakua, maana mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyonasa nitrojeni ya hewani. Tatizo likawa majani: yalidondoka, yakalundikana, hayaozi. Mwenye akili ya "mwagia maji" angekomea hapo. Haller alichungulia chini akamwona jongoo akiyatafuna, akaagiza wakusanywe majongoo kwa mamia wamwagwe humo. Kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, udongo ukabeba miti mingine, na leo wanafunzi wanatembezwa humo kuangalia viboko na twiga. Muulize mjomba kama shambaboi angepewa nafasi hata ya kulitamka wazo la majongoo mbele ya meneja wa kiwanda.

Huku Dar es Salaam hatuna hata subira ya kuangalia chini. Nyumba ikiisha, uwanja unafunikwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, na miashoki inapangwa mstari mmoja kama askari wa gwaride. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuzama. Yanakimbilia barabarani, mitaroni, mwisho yanaangukia Mto Msimbazi. Na bonde la Jangwani, ambalo maumbile yalilitenga kupokea maji hayo, ndipo tulipoona panafaa kujenga karakana ya mabasi ya mwendokasi, ambayo imefurika zaidi ya mara moja. Msanifu wa mandhari huanza kazi yake kwa kuuliza maji yanatoka wapi na yanataka kwenda wapi. Maua ni mwisho wa mchoro, tena wakati mwingine hayamo kabisa.

"Ajira ziko wapi?" Hilo ndilo swali pekee la haki katika maneno ya mjomba. Chuo Kikuu Ardhi kinawafundisha vijana hawa, na Kenya wanafundishwa Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Wakitoka wanakuta kazi yao imeandikwa mstari wa mwisho wa jedwali la gharama, "bustani", na fedha zikipungua mstari huo ndio unaofutwa kwanza. Kazi ipo, ila anaitwa mtu baada ya zege kukauka.

Na wanaotetea hoja kwamba shambaboi anatosha, wangemheshimu basi huyo shambaboi. Kuna wazee wa vitaluni wanaojua mche gani unasusa udongo wa mfinyanzi kuliko profesa yeyote. Lakini mtu kama huyo haitwi kwenye kikao, analipwa kibarua cha kutwa, na siku ya pili baada ya uzinduzi mkandarasi anamwachisha kazi. Miche inabaki bila wa kuimwagilia, na mwakani halmashauri inatangaza tenda ya kupanda mingine.