CHOMBO CHA KUPIMIA JUA NACHO KIKAGULIWE

Muuza nyama asiyepeleka mizani yake kukaguliwa na Wakala wa Vipimo hutozwa faini, na wananchi huona kuwa ni haki, kwani anayepunjwa nusu kilo hulalamika. Chombo cha kupimia mionzi ya jua hakina mteja wa kulalamika. Chaweza kusema uongo miaka kumi, uongo huo ukaandikwa kwa hati nzuri daftarini, ukapigwa chapa katika ripoti, na hatimaye ukajengewa mtambo.

Hilo si jambo dogo kwa Taifa lililoamua kuzalisha umeme wa jua. Mradi wa Kishapu, mkoani Shinyanga, umepangwa kufikia megawati 150. Miradi ya namna hiyo hujengwa kwa mikopo, na mikopo hulipwa kwa umeme unaouzwa. Ikiwa takwimu za jua zilizotumika kupanga mradi wowote zimezidi ukweli kwa asilimia 5 tu, umeme utakaokosekana ni sawa na wa siku 18 kila mwaka. Mkopeshaji hapunguzi deni kwa ajili ya siku hizo.

Walimu wa jiografia wanalijua tufe la kioo linalounguza karatasi jua linapowaka. Hilo huhesabu saa za jua. Halisemi jua lilikuwa kali kiasi gani. Kazi hiyo ni ya piranomita: kibamba cheusi chini ya kuba la kioo hupata joto, na joto hilo huzaa umeme unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za volti. Katika kipimo kidogo hivyo hakuna kosa dogo. Vumbi la kiangazi likitanda juu ya kioo, mionzi hupungua kabla ya kupimwa. Chombo kikiinama, jua la asubuhi na la jioni huhesabiwa vibaya. Usiku, anga likiwa safi, kioo hupoa kuliko kibamba na chombo huonyesha nambari chini ya sifuri. Mtaalamu makini huchunguza nambari hiyo apate kujua kosa la chombo chake; mvivu huifuta.

Hata mataifa tajiri yalipotea njia. Kipimo cha Ångström cha mwaka 1905 na kile cha taasisi ya Smithsonian ya Marekani cha mwaka 1913 vilitofautiana kwa zaidi ya asilimia 3, jua likiwa lile lile. Tangu miaka ya 1970 dunia ina kipimo kimoja, kinachotunzwa Davos, Uswisi, ambako kwa kawaida kila baada ya miaka mitano nchi hupeleka vyombo vyao vikuu vilinganishwe.

Wapo watendaji wanaodhani kwamba usahihi hununuliwa pamoja na chombo. Chombo ghali kilichosahauliwa juu ya paa hakina thamani kuliko cha bei nafuu kinachofutwa kila asubuhi kwa kitambaa laini. Hapana budi kila kituo kiwe na daftari linaloonyesha nani alifuta kioo, nani aliangalia usawa, na lini chombo kililinganishwa mara ya mwisho. Ikizidi miaka miwili, kishushwe kipelekwe. Nauli ya safari hiyo iwekewe fungu lake katika bajeti, wala fungu hilo lisihamishiwe kwenye mafuta ya magari.