Sarafu ya Watu Kwenye Droo Yetu

Mwezi huu sina ushauri wa mapenzi. Mwezi huu naungama. Kwa miezi minane mimi na mume wangu tumekaa na mali ya mtu, tumeisahau kwenye droo ya kabati la televisheni, hapa hapa Nyasubi, Kahama. Na tungeendelea kuisahau kama mwenyewe asingeiulizia, wiki ile ile ambayo shemeji yangu aliibeba kimyakimya akaipeleka kwa sonara.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mwaka jana tulikwenda Zanzibar, likizo ya siku tano. Siku ya pili tulikuwa tumeshachokana. Usicheke, na wewe yamekukuta: mnalipia hoteli nzuri, halafu kila mmoja anainamia simu yake. Mume wangu ni mtu wa mgodini, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani, na hizo za nyumbani nyingi zinaishia usingizini. Katika kuchezea simu akakutana na programu ya mchezo unaoitwa jiokashi. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka vipimo vya GPS kwenye intaneti, wewe unalitafuta. Ukilipata unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo na kulirudisha ulivyolikuta. Basi. Hakuna zawadi.

"Sasa faida yake nini?" nikamuuliza. Saa moja baadaye nilikuwa nimepiga magoti kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, napapasa ukuta, namwambia anikinge watu wasinione. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulicheka vile. (Lilikuwa wapi hasa? Sikwambii, nitakuharibia mchezo.)

Mchezo wenyewe si wa zamani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, na vipimo vilivyokuwa vikikosea hata mita 100 vikanyooka ghafla. Kesho yake Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini kule Oregon, ndani kaweka vitabu, manati na kopo la maharage, kisha akatangaza mahali ilipo. Hazikupita siku nyingi ikapatikana. Lile kopo la maharage lilikuja kuokotwa baadaye likiwa limechakaa, na wachezaji wakawa wanalitembeza kwenye mikutano yao kama kitu kitakatifu. Wazungu bwana!

Sarafu tuliikuta ndani ya kopo la Zanzibar. Ya njano, nzito, upande mmoja ina dira, upande wa pili namba. Hizi sarafu ni mchezo ndani ya mchezo. Jon Stanley, naye Mmarekani, ndiye aliyetoa za kwanza mwaka 2001, na siku hizi zipo za kila sura, wengine wanazikusanya kama stempu. Lakini ile unayoikuta kwenye kopo si yako. Mwenyewe kainunua kwa hela yake, akaiachia iende. Kila namba ina ukurasa wake kwenye intaneti: unaandika umeichukua wapi, unaipeleka kwenye kopo jingine, unaandika umeiacha wapi, naye huko aliko anaona sarafu yake ikizunguka dunia. Wengine huipa na kazi ya kufanya. Yetu ilitumwa ikapigwe picha Ziwa Victoria.

"Sisi si watu wa Kanda ya Ziwa?" mume wangu akasema. Tukaichukua. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyeandika, kwa mbwembwe zote, kwamba ndani ya mwezi mmoja itafika ziwani.

Tuliporudi nyumbani tulijaribu kuendelea. Ramani haikuonyesha kopo lolote karibu na kwetu, kwa hiyo Jumamosi moja tukatoka kutafuta mahali pa kuficha la kwetu. Hatukumaliza robo saa. Wewe fikiria, watu wawili, simu mkononi, wanachungulia chini ya mawe, na hii ni Kahama! Kijana wa bodaboda akasimama: "Mnapima kiwanja, au mnatafuta mali ya Mjerumani?" Tukacheka, tukaondoka. Ukitaka kujaribu kwenu, omba ruhusa kwa mwenye eneo kwanza, mwambie na mwenyekiti wa mtaa, na usichimbe shimo. Kopo linakaa chini ya jiwe au kwenye tundu la mti, inatosha.

Hatukutoka tena. Zamu, usingizi, misiba, makala za watu za kuhariri. Sarafu ikalala kwenye droo pamoja na risiti za friji.

Mwezi uliopita ukaja ujumbe. Ni mama mmoja wa Ujerumani. Hakulaumu. Alisema sarafu ilikuwa ya marehemu mumewe, ambaye alitamani sana kuliona ziwa letu na hakuwahi. Aliuliza tu kama bado ipo.

Nikafungua droo. Haipo.

Sitakuficha, tuligombana. Mimi: "Wewe ndiye uliyesema tuichukue." Yeye: "Wewe ndiye uliyeahidi." Tukaifikia ile sehemu ambayo ugomvi unaacha kuhusu kitu mnachogombania. Nikamwambia ameniahidi Mwanza mara nne. Akanyamaza, halafu akasema, "Nilidhani wewe ndiye uliyeuchoka ule mchezo. Ulirudi kwenye laptop yako, mimi nikaona basi nilale." Miezi minane, jamani. Kila mtu anamsubiri mwenzake aseme twende.

Shemeji aliingia jioni, kanuna. Alikuwa ameamini ni rupia ya Mjerumani. Sonara aliikwangua ukingo kwa tupa, hakumaliza hata dakika: hakuna dhahabu humu. Nilijaribu kumweleza kwamba rupia ya dhahabu kweli ipo, ya rupia 15, ilipigwa hapo jirani Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, wakati wa vita, kwa dhahabu ya Sekenke, na ina picha ya tembo. Hii ina dira. Akaniangalia kama mtu anayefichwa jambo. "Samahani, shemeji," akasema, "ila kitu kisicho na bei mnakihifadhi cha nini?"

Jumapili iliyofuata tuliamka saa kumi alfajiri, tukaenda Mwanza. Tuliipiga picha na Jiwe la Bismarck kwa nyuma, maji yanang'aa. Mume wangu alitaka tuugeuze ule upande uliokwanguliwa usionekane. Nikakataa. Nikamwandikia yule mama kila kitu, mpaka sonara.

Alijibu usiku ule ule. Picha ameichapa na kuiweka sebuleni. Kuhusu mkwaruzo aliuliza swali moja tu: fundi alikadiria ina uzito gani?

Mwisho wa mwezi huu naenda Nairobi kikazi, na huko makopo yapo. Sarafu iko kwenye pochi yangu, mfuko wa zipu. Mume wangu ameomba likizo, anasema haniamini kuipeleka peke yangu.