BWANA SHAMBA ANASEMA: Ijue Salvia Kabla ya Kuipanda



Watu wengi hupenda kupanda maua mbele ya nyumba. Hili ni jambo jema. Maua hupamba nyumba. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mvua. Lakini si kila ua linafaa kupandwa nyumbani.

Mwezi huu tutajifunza kupanda ua zuri liitwalo salvia. Pia tutajifunza kulitofautisha na lantana. Lantana ina maua ya kuvutia, tena hupatikana bure kando ya njia. Lakini inaweza kuua ng'ombe wako.

SALVIA NI MMEA GANI?

Salvia ni ndugu wa mrihani, mnanaa na kivumbasi. Duniani ziko aina karibu 1,000. Baadhi ni dawa, baadhi ni viungo vya chakula, na baadhi ni mapambo. Za mapambo zinazopandwa sana ni hizi 3:

1. Salvia nyekundu. Asili yake ni Brazili. Ni fupi, kwa kawaida kati ya sentimita 30 na 60. Maua yake ni mekundu kama pilipili iliyoiva.

2. Salvia ya buluu. Asili yake ni Meksiko na kusini mwa Marekani. Majani yake ni membamba. Nyuki huipenda sana.

3. Salvia ya zambarau. Asili yake ni Meksiko. Huwa kichaka cha mita 1 au zaidi. Majani yake ni marefu, na upande wa chini yana manyoya meupe. Maua yake ni laini kama mahameli.

JINSI YA KUITAMBUA

Chukua tawi, uliangalie hivi:

Shina. Lizungushe kati ya vidole. Utahisi pembe 4. Si la mviringo.

Majani. Hutoka mawili mawili, yakielekeana. Jozi ya juu hukaa kama msalaba juu ya jozi ya chini.

Ua. Ni mrija wenye midomo miwili, mmoja juu na mmoja chini. Ukilipasua utaona vijiti 2 tu vyenye unga wa chavua. Maua hupangika ngazi kwa ngazi juu ya kikonyo kirefu.

Mbegu. Ua likianguka, kikombe chake hubaki. Ndani yake mna mbegu ndogo kavu, zisizozidi 4. Salvia haina tunda la maji.

USIDANGANYIKE NA LANTANA

Sasa soma polepole. Lantana nayo ina shina la pembe 4. Majani yake nayo hutoka mawili mawili. Ukiyafikicha hunuka sana. Basi mtu akiangalia shina na majani peke yake atadanganyika. Angalia ua na tunda.

Maua ya lantana ni madogo. Hukusanyika pamoja kama mwavuli mdogo. Mara nyingi mwavuli mmoja una rangi 2 au zaidi: njano katikati, na nyekundu, waridi au rangi ya chungwa pembeni. Matunda yake ni ya mviringo. Kwanza ni ya kijani, yakiiva huwa meusi. Majani yake hukwaruza mkono. Mara nyingi shina lina miiba midogo iliyopinda.

Majina ya lantana ni mengi, kila mahali lake. Kwa hiyo usitegemee jina. Tegemea macho yako.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO?

Lantana ilitoka katika nchi za joto za bara la Amerika. Watu waliisafirisha kwa ajili ya uzuri wake na kwa kujenga uzio. Ndege hula matunda yake, kisha hudondosha mbegu malishoni na mashambani. Shina moja mbele ya nyumba yako linaweza kuleta vichaka katika malisho ya kijiji kizima.

Mwingine atasema, "Ng'ombe wangu hali lantana." Ni kweli, ng'ombe aliyeshiba huiacha. Lakini kiangazi nyasi zikiisha, ng'ombe mwenye njaa huila. Ng'ombe mgeni asiyeijua naye huila. Sumu yake huharibu ini. Ng'ombe huacha kula na hufunga choo. Macho yake huwa manjano. Akikaa juani, ngozi ya pua na sehemu zenye manyoya meupe huvimba na kuchubuka.

Ukiona dalili hizo, mtoe mnyama juani na umweke kivulini. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Ng'ombe mmoja akifa, nyumba imepoteza maziwa, samadi na akiba.

Watoto nao wakatazwe kula matunda ya lantana, hasa yale mabichi ya kijani.

Kama lantana ipo nyumbani, ing'oe pamoja na mizizi. Ukikata shina tu, litachipua tena. Usiwape mifugo majani yake, hata yakikauka. Sumu haiishi kwa kukauka.

JINSI YA KUPANDA SALVIA

Chagua mahali penye jua na pasipotuama maji. Katika sehemu za joto kali, kivuli kidogo cha alasiri kinafaa. Lima udongo kina cha jembe. Changanya na samadi iliyooza, nusu debe kwa kila mita 1 ya mraba.

Salvia nyekundu na ya buluu huoteshwa kwa mbegu. Tumia kitalu kidogo au sanduku lenye matundu chini. Mbegu za salvia nyekundu zinahitaji mwanga ili ziote. Zitandaze juu ya udongo laini, uzikandamize kidogo kwa kiganja. Usizifukie. Mwagilia kwa matone madogo. Kukiwa na joto huota baada ya siku 10 hadi 14. Maji yakizidi, miche huoza shingo na kuanguka. Huo ni ugonjwa wa kinyausi.

Miche ikiwa na jozi 3 za majani, ihamishe jioni. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche. Ikishika, kata ncha ya juu ili itoe matawi mengi.

Salvia ya zambarau hupandwa kwa vipandikizi. Kata tawi changa la sentimita 10. Ondoa majani ya chini, ulichomeke katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Likitoa mizizi, lihamishe. Acha mita 1 kati ya shina na shina. Maua yakiisha, kata matawi karibu na ardhi. Yatachipua upya.

Panda mvua zinapoanza. Katika nyanda za juu zenye sakitu, kama Njombe, usipande salvia nyekundu karibu na Juni na Julai. Sakitu huiua.

UTUNZAJI

Mwagilia asubuhi, chini ya shina. Ondoa magugu. Kata vikonyo vilivyonyauka ili maua mengine yatoke. Lakini acha vichache kwa mbegu. Kikombe kikikauka, kikung'ute juu ya karatasi. Mbegu zikauke kivulini, kisha uzitunze mahali pakavu. Mwaka ujao hutanunua mbegu.

Usipunguze tuta la mboga kwa ajili ya maua. Salvia hutosha kando ya njia na ukutani. Hapo utawaona nyuki, na yule ndege mdogo aitwaye chozi, wakija kunywa utamu wake.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Salvia na lantana zinafanana katika mambo gani?
2. Ni sehemu zipi 2 za mmea zinazokuonyesha tofauti yao?
3. Je, uzio wako una lantana?

Swali la 3 halijibiwi kwa kusoma. Toka nje ukaangalie. Kinga ni bora kuliko tiba.

Tuonane mwezi ujao.