Umefungwa sataranji? Usikimbilie mechi nyingine

Wako kibao siku hizi. Kazini yuko fiti, mtaani mtu wa watu, lakini ikifika saa nne usiku anajifunika shuka na simu yake, anacheza sataranji za dakika tatu tatu mpaka usiku wa manane. Akifungwa anabonyeza tena. Mwenzi wake akiuliza, jibu ni lile lile: "Nafanya mazoezi, mpenzi."

Si kweli, kaka. Na wewe dada, si kweli. Hiyo ni burudani, na burudani haina ubaya, ila usimdanganye mwenzio. Dakika tatu hazitoshi kufikiri, kwa hiyo unarudia makosa yako yale yale, tena kwa kasi. Anayetaka kwenda kwenye mashindano na kupanda kiwango hana budi kukaa na mechi alizofungwa.

Mtazame Mikhail Botvinnik wa Umoja wa Kisovieti. Pamoja na ubingwa wa dunia, alikuwa mhandisi wa umeme mwenye udaktari, yaani mtu mwenye kazi zake kama mimi na wewe. Mwaka 1960 alivuliwa taji na Mikhail Tal, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akitoa kete zake kafara mpaka mpinzani anapagawa. Mzee kwisha habari yake, si ndiyo? Mwaka 1961 wakarudiana. Botvinnik, mwenye miaka 49, alikuja amejiandaa, akawa anamvuta kijana kwenye michezo ya taratibu asiyoipenda. Akashinda kwa pointi 13 kwa 8. Huyu ndiye aliyekuwa akiwahimiza wachezaji wachambue mechi zao wenyewe na kuuchapisha uchambuzi huo, ili wengine waukosoe. Ujasiri huo tunao wangapi?

Sasa fanya hivi. Kwenye mashindano ya muda mrefu unaandika kila hatua, kwa hiyo karatasi unayo. Kabla hujawasha programu ya kompyuta, pitia mechi yote mwenyewe, uandike ulikuwa unawaza nini. Programu itakuonyesha hatua mbaya ndani ya sekunde moja, lakini haijui kwamba uliogopa, au ulikuwa na haraka, au ulishaanza kusherehekea ushindi. Hilo unalijua wewe tu. (Kukariri hatua za kufungulia mchezo kunaweza kusubiri. Jifunze kwanza kumaliza, mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme.)

Wala usiwakwepe waliokuzidi. Kwa hesabu za viwango, mwenye pointi 200 zaidi yako anatarajiwa kuvuna kama pointi 76 katika mechi 100. Zinazobaki ni zako, kagombanie.

Na nyumbani? Kubalianeni waziwazi: mechi moja ndefu Jumamosi, uchambuzi wa saa moja Jumapili, usiku mwingine simu ikae mbali na kitanda. Tena mkaribishe mwenzi wako kwenye huo uchambuzi, hata kama hajui farasi anatembeaje. Akuulize tu, "Hii uliisogeza kwa nini?" Ukijiumauma, weka alama kwenye karatasi hapo hapo, uanzie hapo.