Nimeungama, Mbona Moyo Bado Mzito?



Wapo Wakristo wengi wanaotoka kwenye kiti cha maungamo na uzito ule ule walioingia nao. Wanasali kitubio walichopewa, Jumapili wanapokea Komunyo, lakini usiku dhambi ile inarudi kichwani. Mwezi unaofuata wanakwenda kuiungama tena kwa padre mwingine. Kwa kawaida tunawaambia waamini tu kwamba Mungu amekwisha kuwasamehe. Jibu hilo ni la kweli, lakini nadhani mara nyingi tunalitoa haraka mno. Kabla ya kumtuliza mtu, tungemwuliza kwanza: uliyemkosea yuko wapi leo, na umemtendea nini tangu ulipotubu?

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Miaka michache kabla ya kuingia seminari nilikuwa katibu wa kwaya ya kigango chetu. Mweka hazina alikuwa mama mmoja mjane, muuza maandazi. Michango ya sare ilikaa kwenye bahasha katika kabati la sakristia, na ufunguo tuliujua wawili. Siku moja nilichukua shilingi 60,000, nikijiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi. Fedha zilihesabiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Hakuna aliyemwita yule mama mwizi mbele ya macho yake. Watu walinong'ona tu. Alilipa upungufu ule kwa fedha zake za maandazi, akaacha uongozi, na baada ya muda akaacha kuimba. Mimi nilikaa kimya.

Niliungama kwa machozi, katika parokia ya mbali ambako sikujulikana. Nikatumbukiza shilingi 60,000 katika kisanduku cha sadaka, nikidhani deni limekwisha. Amani haikuja. Nikaungama mara ya pili, kwa padre mwingine. Mara ya tatu nilimkuta padre mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, na yule aliyekuwa akitunza fedha, jina lake liko wapi?" Sikuwa na jibu. Mara zote nilikuwa nimeungama wizi wa fedha. Wizi wa heshima ya mtu sikuwa nimeutaja.

Katekesi inatufundisha matendo matatu ya mtubu: majuto, maungamo na malipizi. Mawili ya kwanza tunayakumbuka. La tatu tumelipunguza likawa sala chache tunazozisali tukiwa tumepiga magoti kabla ya kutoka kanisani. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inaeleza kwamba ondoleo linafuta dhambi bali haliponyi peke yake madhara yote ambayo dhambi imeyaleta. Inatutaka tufanye linalowezekana kuyatengeneza, kama vile kurudisha kilichoibwa, kusafisha jina la aliyesingiziwa na kufidia majeraha.

Huku si kununua msamaha. Msamaha wa Mungu hauna bei, na Kristo ameugharimia msalabani. Ila mtu aliyechoma shamba la jirani yake, hata akisamehewa kabisa, migomba ya jirani haijaota. Anayependa kweli atachukua jembe. Tazameni Zakayo (Lk 19:1-10). Injili haisemi kwamba Yesu alimwagiza alipe. Anasimama mwenyewe na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Kupokelewa na Yesu ndiko kulikomfungua mkono.

Basi wakati mwingine hatia inayobaki baada ya kitubio si kishawishi cha kufukuzwa. Ni dhamiri inayofanya kazi yake, ikituonyesha mtu tuliyemwacha njiani.

Hata hivyo kuna hatari upande wa pili. Yuda naye alikiri kwamba amekosa, tena alirudisha vipande vyote 30 vya fedha (Mt 27:3-5). Lakini alivipeleka kwa wakuu wa makuhani, ambao hawakujali, na kwa Yesu hakurudi. Petro hakuwa na kitu cha kurudisha. Alilia, akabaki na ndugu zake, na kando ya ziwa akakubali kuulizwa mara tatu kama anampenda Bwana (Yn 21:15-17). Malipizi bila kuitumainia huruma ya Mungu yanamvunja mtu. Anayeendelea kujihukumu baada ya kuungama na kutengeneza linalowezekana, huyo sasa anahitaji kuambiwa: inatosha, Mungu amesema neno lake.

Vipi kuhusu yale yasiyorudishika? Mwaka 1902, huko Italia, kijana Alessandro Serenelli alimchoma kisu Maria Goretti, msichana wa miaka 11, aliyefariki akiwa amemsamehe. Serenelli alikaa gerezani miaka 27. Uhai wa Maria hakuweza kuurudisha. Lakini alipotoka alikwenda kwa Assunta, mama wa marehemu, akamwomba msamaha, na mama yule akamsamehe. Wakapokea Komunyo pamoja. Mpaka kifo chake mwaka 1970 aliishi kwa kazi na sala katika nyumba za Wakapuchini.

Si kila dhambi inapaswa kutangazwa, na kuna ukweli ambao ukisemwa ovyo unaongeza majeraha. Mali inaweza kurudishwa kwa mkono wa mtu mwingine. Aliyekosewa akiwa amefariki, wapo warithi, na ipo Misa ya kumwombea. Muungamishi atakusaidia kupima. Lakini pale ambapo mwingine anabeba lawama yako, kuendelea kunyamaza ni kuendelea kutenda dhambi ile ile.

Nilikwenda kwa yule mama siku ya Jumamosi jioni. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamkabidhi fedha zake. Alinyamaza muda mrefu. Hakusema "nimekusamehe." Aliuliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya kwaya. Niliyasema, magoti yakitetemeka. Wapo walioacha kunisalimu, na walikuwa na sababu. Mama alichukua miezi kadhaa kabla ya kunishika mkono wakati wa kupeana amani, na sikuwa na haki ya kumharakisha. Nilipoomba kuingia seminari, paroko aliyajua yote. Leo mama amerudi kwenye kwaya, na ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Dhambi ile sijaiungama tena.

Ndugu mafrateri, Mungu akipenda, siku moja tutakaa kwenye kiti kile. Atakuja mtu na dhambi aliyoirudia mara nne. Tusimpe haraka maneno matamu tu. Tumwulize kwa upole, bila udadisi na bila kutafuta majina, kama kuna mtu anayesubiri kitu kutoka kwake.

Nawe mwamini mwenzangu, ukitafiti dhamiri yako jioni hii, ongeza swali moja baada ya kuhesabu makosa: ni nani anayelipa kwa ajili ya kosa langu? Jina likikujia, anza kwa kumwombea. Kisha panga siku ya kwenda kwake.