Mwandishi wa Filamu Hakuwa Karani

Wako wahakiki wanaoshikilia kwamba filamu ni kazi ya mwongozaji peke yake, na kwamba aliyeandika mswada ni mtumishi tu wa kupokea amri. Kauli hii ilipata nguvu nchini Ufaransa baada ya makala ya François Truffaut ya mwaka 1954. Mwaka 1962 Andrew Sarris akaieneza Marekani. Ni kauli ya dhuluma, na waliodhulumiwa zaidi ni wanawake. Katika Hollywood ya zamani wanawake walioachiwa kuongoza filamu walikuwa wachache mno, ilhali walioziandika walikuwa wengi. Ukimfuta mwandishi, umewafuta hao.

Tumtazame Frances Marion, mzaliwa wa San Francisco, mwaka 1888. Mwaka 1917 aliandika mswada wa The Poor Little Rich Girl kwa ajili ya Mary Pickford, mwanamke mzima aliyeigiza mtoto. Wakubwa wa kampuni walivichukia vichekesho ambavyo wanawake hao wawili walivitia katika hadithi. Watazamaji walivishangilia.

Sinema zilipoanza kusema, Marion hakutetereka. Alipotakiwa kuandika habari za wafungwa hakuketi chumbani akibuni, bali alikwenda mwenyewe katika gereza la San Quentin kujionea. Matunda yake ni The Big House ya mwaka 1930, iliyompa tuzo ya Oscar. Hakuna mwanamke aliyeipata tuzo hiyo kwa uandishi kabla yake. Filamu iliongozwa na George Hill, ambaye hata hakutajwa miongoni mwa walioshindania tuzo ya uongozaji. Je, hiyo nayo tuambiwe ni kazi ya Hill peke yake? Kisha ikaja The Champ, na Oscar ya pili.

Tusimsahau Marie Dressler, mwigizaji mwenye umri mkubwa aliyekuwa amekwisha kuachwa kando. Marion ndiye aliyemwandikia hadithi za kumrudisha, na kwa Min and Bill mama huyo akashinda Oscar akiwa amepita miaka 60.

Watajibu kwamba miswada ya siku zile ilipita katika mikono mingi, na kwamba Marion alitumia pia riwaya na tamthilia za wengine. Ni kweli. Lakini mwongozaji naye alitegemea mpiga picha, fundi wa sauti na mkataji wa filamu. Mbona yeye hanyang'anywi jina?

Waandishi wenyewe hawakungoja kuhurumiwa. Mwaka 1933 walianzisha chama chao, Screen Writers Guild, na Marion akawa makamu wa rais. Madai yao hayakuwa mshahara tu. Walitaka pia haki ya kuamua ni jina la nani litakaloandikwa kwenye filamu, jambo ambalo wenye kampuni walikuwa wakiligawa wapendavyo, na mapema katika miaka ya 1940 wakaipata.